Jicho la Samaki wa Merina

Jumatatu, 4 Novemba 1996

Mvua tangu alfajiri. Daftari hili tulikuwa tunaandikia samaki waliokufa na waliosafiri. Bwana Pastory ameleta jipya lenye jalada gumu, basi hili lenye kurasa nyingi tupu nimelichukua mimi. Nina miaka arobaini na moja na sijawahi kuandika jambo langu mwenyewe.

Kwa atakayelisoma akiwa hanijui: naitwa Zaitun, wa Ujiji. Nasimamia matangi ya vioo katika nyumba ya samaki wa mapambo ya Bwana Pastory, hapa Kibirizi. Wapiga mbizi wanakamata samaki wadogo wa rangi ziwani, sisi tunawapumzisha na kuwafunga kwenye mifuko, nao wanaruka kwenda Ulaya, ambako watu huwaweka sebuleni wakawatazama.

Leo mashua nyingi zimeingia tena kutoka Zaire. Vita vimefika Uvira, na watu wanashuka ufukweni na magodoro yaliyolowa. Saa nne Feliksi, mlinzi wetu ambaye pia ndiye fundi wa umeme, aliniita getini. Hapo palikuwa na mzee mrefu aliyevaa koti la suti juu ya suruali iliyokunjwa hadi magotini. Kando yake, juu ya mkokoteni wa kukodi, palikuwa na pipa la buluu lililofungwa kwa kitenge.

"Jambo, mama," alisema. "Wanasema hapa munatunza samaki. Iko moja hapa. Ni ya bibi yangu."

Nikafungua kitenge. Samaki mmoja tu, mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, mwembamba kama panga, magamba makubwa ya fedha, na sharubu mbili kidevuni. Sijawahi kuona samaki mwenye kiburi kama yule. Bwana Pastory akatoka ofisini, akachungulia, akapiga mluzi.

"Arowana! Huyu kwao ni Amerika ya Kusini. Umempata wapi, mzee?"

"Aliachwa na Mgiriki mmoja aliyefunga duka mwaka wa tisini na moja. Alikuwa mdogo kama kidole. Jina lake Shefu."

Mzee anaitwa Telesphory. Alikuwa na studio ya picha mjini Uvira. Anaomba tumtunzie samaki kwa sababu kule kwenye maghala wanakolala wakimbizi hapana nafasi hata ya kunyoosha miguu. Bwana Pastory alikubali mara moja, nadhani kwa sababu alitaka kumtazama. Tangi kubwa lililokuwa tupu ni lile la rafu ya juu, basi huko ndiko alikokwenda.

Alhamisi, 7 Novemba

Mzee Telesphory amekuja na panzi ndani ya bahasha. Shefu anakula panzi anayeelea juu ya maji. Anapanda polepole, anafungua mdomo kama droo.

Jumatatu, 11 Novemba

Mvua. Anakuja kila siku. Anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anamtazama Shefu.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimeona haya leo, kisha nimekasirika, na bado sijui lipi limezidi.

Nilimwuliza mzee, kwa upole kabisa, bibi yake alifariki mwaka gani. Akageuka kama aliyepigwa kofi.

"Nani amesema amekufa?"

"Samahani, mzee. Nilidhani… Kwani ana umri gani?"

"Hamsini na mbili."

Mzee ana miaka sitini, atakuwaje na bibi wa hamsini na mbili? Mpaka Feliksi, aliyekuwa juu ya ngazi akibadilisha taa ya tyubu, akacheka: "Zaitun, hawa wa ng'ambo wakisema bibi ni mke!"

Kumbe siku zote hizi nilikuwa nikitunza samaki wa mkewe. Anaitwa Merina.

"Yuko wapi sasa?"

"Sijui," alisema. "Alibaki ufukweni."

Akakunja bahasha yake ya panzi, akaondoka. Mtu amesafiri ziwani siku mbili na samaki ndani ya pipa, na mke akabaki ufukweni. Mume wangu alipanda treni ya Dar es Salaam miaka minane iliyopita akisema anakwenda kutafuta kazi. Hakubeba hata mto wa kulalia. Najua wanaume wanavyoondoka, lakini sijasikia wa kuondoka na samaki.

Jumatano, 20 Novemba

Habari imeenea Kibirizi nzima. Wavuvi wanamwita "aliyeokoa samaki akaacha mke". Feliksi ndiye aliyewasimulia. Leo alinisimulia mimi pia jinsi wanavyoigiza, mmoja anakumbatia ndoo, mwingine anapunga mkono ufukweni. Nilicheka. Naandika kwamba nilicheka.

Jumatatu, 2 Desemba

Wakimbizi wamehamishwa kwenda kambini Nyarugusu, upande wa Kasulu. Malori matano. Mzee alipita kuaga huku lori likipiga honi barabarani. Alinieleza mambo mengi haraka haraka: Shefu kwao alikaa chini, karibu na dirisha, asiwashiwe taa ghafla, asipewe nyama yenye mafuta. Nilikuwa nafunga mifuko ya mzigo wa Ujerumani, nikawa naitikia tu, ndiyo mzee, sawa mzee.

"Mama Zaitun, ni amana," alisema.

"Sawa mzee."

Jumanne, 24 Desemba

Mizigo ya sikukuu. Taa zote zinawaka tangu asubuhi hadi jioni, macho yananiuma. Shefu anakula moyo wa ng'ombe vizuri. Panzi hawakamatiki na mvua hii.

Jumatatu, 6 Januari 1997

Jicho la kulia la Shefu linatazama chini.

Nililiona nilipopanda kigoda kumlisha. La kushoto limekaa sawa, linanitazama. La kulia limeinama, na juu ya mboni kumetokea ukingo mweupe, kama mtu anayesoma gazeti lililo magotini bila kushusha kichwa. Nilidhani ni kivuli. Nikazunguka upande wa pili, nikarudi. Si kivuli.

Nilitupa kipande cha nyama. Kikaanguka upande wa kulia, hakukiona. Kilishuka hadi chini ndipo akakifuata.

Jumatano, 8 Januari

Bwana Pastory amemwandikia kwa faksi mteja wetu wa Ujerumani anayefuga arowana. Jibu limekuja jioni, naye akanitafsiria akiwa amesimama mlangoni.

"Anasema ni kawaida kwa hawa wanaofugwa. Hakuna mwenye uhakika wa sababu. Wengine wanasema mafuta yanajaa nyuma ya jicho kwa chakula kizito. Wengine wanasema kwa asili huyu ni wa kutazama juu, anatafuta wadudu, na ukimweka mahali ambapo mambo yote yako chini yake, jicho linazoea kushuka. Wengine wanalaumu taa, mwanga ukigonga sakafu nyeupe ukarudi kutoka chini."

"Na dawa?"

"Hana. Anasema likishashuka mara nyingi halirudi. Tujaribu kulinda la pili."

Nilikwenda kusimama mbele ya tangi. Sakafu yake tuliipaka rangi nyeupe ili samaki wa biashara waonekane vizuri. Chini ya tangi, kwenye rafu ya pili, kuna samaki wadogo mia mbili wanaokimbizana kutwa nzima. Juu yake kuna tyubu mbili. Na chakula chake ni moyo wa ng'ombe.

Mzee alisema chini, karibu na dirisha. Alisema taa. Alisema mafuta. Yote aliyasema, nami nilikuwa nahesabu mifuko.

Jumapili, 12 Januari

Ramadhani imeanza juzi. Nimefunga, na bado nimekwenda kazini siku ya mapumziko. Mimi na Feliksi tulimshusha Shefu kwenye pipa, tukalihamishia tangi chumba cha mwisho chenye dirisha moja, tukaliweka chini. Sakafu nikaibandika nailoni nyeusi upande wa nje, na vioo vya pembeni nikavifunika kwa magunia hadi nusu. Feliksi alinitazama nikihema.

"Samaki wa mtu aliyemwacha mkewe," alisema.

"Samaki hakumwacha mtu," nikamjibu.

Alhamisi, 16 Januari

Nimeandika barua kwa mzee. Nimeichana.

Jumatatu, 20 Januari

Leo nusura tumpoteze.

Umeme ulikatika saa nane mchana. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka hatusikizani, na wingu lilikuwa zito, vyumba vyote giza. Shefu alitulia. Nilikuwa nimekaa naye kwa sababu kwingine kulivuja. Saa kumi na moja umeme ukarudi ghafla. Katika chumba kile tyubu ya ukutani ilikuwa imeachwa bila kuzimwa, ikawaka kwa kishindo machoni mwake.

Sijawahi kuona samaki akiruka hivyo. Aligonga kifuniko kikahama, akagonga tena, mara ya tatu akatoka. Alianguka sakafuni kama shuka lililolowa. Nilimrukia. Alinipiga mkia usoni, nikamkosa, akateleza chini ya meza. Nikaita Feliksi. Feliksi akaingia, na badala ya kumkimbilia samaki akazima taa kwanza. Giza likarudi, Shefu akatulia kidogo, nikampata kwa khanga yangu, nikamrudisha majini. Magamba matatu yamebaki sakafuni, makubwa kama kucha za kidole gumba.

Alilala ubavu kwa muda mrefu. Feliksi alishika tochi, ameifunika kwa kiganja ili mwanga utoke mwekundu kati ya vidole. Adhana ya magharibi ikasikika, na sikuinuka. Feliksi ndiye aliyeniletea maji na tende mbili kutoka mfuko wangu.

"Kula, dada. Umefunga kutwa."

Ndipo nikagundua nalia. Nilimwambia sikuwa namlilia samaki. Nilimlilia mwanamke ambaye sijapata kumwona, anayedhani kitu chake kiko salama kwa watu.

Saa mbili Shefu akajigeuza, akasimama sawa majini. Jicho la kushoto zima.

Jumanne, 21 Januari

Feliksi amekata waya wa tyubu ya chumba kile bila kuambiwa. Tumeweka utaratibu. Asubuhi nafungua dirisha kidole kimoja, baada ya robo saa nusu, kisha lote. Siku ya wingu nawasha kandili pembeni ya mlango kwanza, nasogea nayo polepole. Jioni hivyo hivyo kinyumenyume. Chakula ni panzi na kombamwiko, wanaelea, naye anatazama juu kuwatafuta.

Bwana Pastory anakiita "chumba cha wagonjwa wa macho".

Jumamosi, 1 Februari

Wavuvi wa Ilagala, kijiji cha kusini mwa hapa, wameleta mzigo. Hata wao wanaijua hadithi ya aliyeokoa samaki, wameiongezea kwamba alimvisha koti. Safari hii sikucheka. Sikusema kitu pia.

Jumanne, 11 Februari

Idi pili. Nilikuwa nimekuja kulisha tu, nimevaa nguo ya sikukuu, nikamkuta Mzee Telesphory ameketi getini. Amepewa kibali cha siku tatu. Amekonda, koti limekuwa kubwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Idi njema. Shefu iko?"

"Yuko, mzee. Lakini nimemharibu jicho."

Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kutangulia. Hayakutoka. Nilimwongoza chumbani, nikafungua dirisha kwa hatua kama kawaida, naye akasimama akinitazama mimi nikifungua badala ya kumtazama samaki. Kisha akapiga magoti mbele ya tangi. Nilimweleza rafu ya juu, sakafu nyeupe, moyo wa ng'ombe, taa. Nilimweleza kwamba aliniambia na sikusikia.

"Mimi nilipiga picha miaka thelathini," alisema mwisho. "Mwanga wa kutoka chini hauko mzuri kwa sura ya mtu yeyote. Hata bibi arusi unamfanya mzuka." Akagusa kioo kwa kucha. "Siku ile nilikuambia nikiwa na lori linapiga honi. Maneno ya kwenye lori hayasikiki. Usijilaumu, mama."

Nikamletea ndoo, ile anayopenda kukalia. Nikakaa sakafuni na nguo yangu ya Idi. Na kwa sababu hakunilaumu, niliweza kumwuliza.

"Mzee, Mama Merina alibakije?"

Alisimulia akimtazama Shefu, na naandika alivyosema.

"Risasi zilikuwa zinasikika upande wa juu wa mji. Boti ilijaa. Merina alikuja na mkokoteni, pipa juu yake. Nilimwambia, mwanamke, una wazimu? Akasema, huyu nimemlea, simwachi apikwe. Tukapandisha pipa. Akaniambia: shika, usiachie, nakwenda kumleta mama. Mama yake alikuwa amekaa chini ya ukuta, hatua hamsini tu. Miguu yake haikuwa mizuri. Merina akaenda. Mwenye boti akasukuma."

"Hukumwambia asubiri?"

"Nilipiga kelele. Watu wote walipiga kelele. Pipa lilikuwa katikati ya watoto, na boti ilikuwa inayumba. Ningeachia, lingewaangukia. Nilikuwa nimelikumbatia hivi." Alionyesha, mikono miwili ikizunguka hewa. "Nilipopata wa kunipokea, kulikuwa na maji mengi kati yetu. Wanasema niliokoa samaki. Mimi sikuokoa kitu, mama. Nilikuwa nimeshika tu."

Feliksi alikuwa mlangoni. Sikujua amesimama hapo tangu lini. Alivua kofia, akaondoka.

Ijumaa, 14 Februari

Mzee amerudi kambini. Feliksi alimbebea mfuko hadi kwenye lori, na kabla ya kuupandisha alimwambia jambo akiwa ameinamisha kichwa. Mzee akamshika bega. Feliksi alipopita mbele yangu sikumwuliza alisema nini.

Jumatano, 5 Machi

Mvua siku ya sita. Barabara ya Ujiji imekuwa mto, nimetembea peku. Jicho la kushoto zima.

Jumanne, 18 Machi

Nilimwota mume wangu. Nilipoamka sikuwa na hasira. Nimeandika ili nikumbuke.

Ijumaa, 28 Machi

La kulia halijapanda, lakini halijashuka zaidi. Anachukua panzi upande huo sasa, kwa kujizungusha kidogo. Feliksi ndiye mkamataji mkuu wa panzi. Kila asubuhi anaingia na kopo, "Bwakeye, Shefu!" akimsalimia kwa Kiha kama mzee mwenzake.

Jumatano, 9 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Saa tatu asubuhi boti ya Ilagala ilileta abiria. Mwanamke mfupi, kitambaa cheusi kichwani, miguu imepasuka kwa chumvi ya kukaushia samaki. Alimwuliza Feliksi kama hapa ndipo alipo yule samaki.

"Samaki gani, mama? Hapa wako elfu tatu."

"Yule aliyeokolewa."

Feliksi alikuja mbio. Ana miaka hamsini na tano, na sijapata kumwona akikimbia.

Ni Merina. Alivuka na mama yake mwezi wa Januari kutoka upande wa Fizi, huko huko Zaire, mtumbwi ukawashusha kusini, wakapokelewa na familia moja Ilagala. Mama alikuwa mgonjwa, hakuweza kusogezwa. Amezikwa huko wiki tatu zilizopita. Merina alikuwa akianika samaki na wanawake wa pale, hajui kama mumewe yu hai. Siku moja wavuvi wakawa wanaigiza mchezo wao, mmoja amekumbatia ndoo. Wanawake wote wakacheka.

"Mimi niliangusha ungo," alisema. "Nikawauliza, huyo mtu mumemwona wapi?"

Nilimpeleka chumbani. Alitazama. Nilikuwa nimeshaanza kueleza habari ya jicho, akaniuliza jambo moja tu:

"Anaona?"

"Anaona, mama. Hata upande huo anaona, ukimtupia juu."

"Basi," alisema, akaweka kiganja juu ya kioo, Shefu akaja.

Baadaye, tukinywa chai, nilimweleza alivyosema mzee: kwamba alikuwa ameshika tu. Nilidhani nampa habari. Merina akatikisa kichwa.

"Nilimwona. Nilipogeuka, boti imeshaondoka, nikamwona bado amelikumbatia lile pipa. Nikaomba Mungu asiachie. Telesphory haogelei. Angeachia, angejitupa majini kunifuata."

Feliksi amekwenda na baiskeli kumtafuta dereva wa lori la kanisa anayepeleka dawa Nyarugusu kesho. Ujumbe tumeuandika watatu.

Alhamisi, 10 Aprili

Merina amelala kwangu Ujiji. Amenipikia sombe, kisamvu cha kwao. Aliniuliza kama nimeolewa, nikamweleza yote, treni na mto. Hakunipa ushauri. Alinisuka nywele.

Jumatatu, 14 Aprili

Kibali cha mzee kilichelewa siku mbili. Leo mvua imeacha, jua limetoka kali, ua wote unang'aa kwa madimbwi mpaka huwezi kutazama. Merina alikuwa chumba cha mwisho tangu asubuhi, juu ya ndoo, dirisha wazi nusu kwa ajili ya Shefu. Nilimwambia akae nje, apate hewa. Alisema atamngojea humo, pamoja na Shefu.

Saa sita lori likasimama. Mzee Telesphory aliteremka akiwa amefunga vifungo vyote vya koti. Hakunisalimia, na mimi sikumsalimia. Nilimwonyesha mlango kwa mkono tu. Alivuka ua akikaribia kukimbia, akaingia, akasimama kizingitini, mkono mmoja ukutani. Ametoka kwenye jua lile, mle ndani haoni kitu. Nilikuwa nyuma yake, nikaona kichwa chake kikigeuka huku na huku.

"Telesphory," Merina alisema kutoka gizani.

Mzee akainua kiganja.

"Ngoja," alisema. "Ngoja, bibi. Macho yangu hayajazoea. Ngoja nikuone."

Naye akangoja. Feliksi alikuwa anakuja na kopo la panzi. Nikamshika mkono, tukarudi kukaa getini.